Maswali ya Wasomaji: Taa ya Bluu na Kompoziti Iliyoiva Juu, Mbichi Chini

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu taa ya bluu, ile inayogandisha kompoziti, yaani kijazo chenye rangi ya jino, baada ya tundu la jino kujazwa. Yameulizwa na matabibu, mwanafunzi, msaidizi wa kliniki na mzazi mmoja. Tumeyapanga kadiri yanavyoshikana.

Naziba magego kwa kompoziti. Juu panakuwa pagumu kama jiwe, nikigonga panalia. Lakini wagonjwa kadhaa wamerudi baada ya mwaka mmoja au miwili, ukingo wa kijazo umeoza kule chini jino linapopakana na jirani yake, karibu na ufizi. Namulika sekunde 10 kila tabaka, kama taa ilivyojipangia. Nakosea wapi? (Tabibu wa meno)

Anza na hizo sekunde 10. Kosa lake limefichwa na ugumu wa juu unaousifia.

Uso wa kompoziti huiva hata kwa taa dhaifu kwa sababu ndio unaopokea mwanga wa kwanza. Kuugonga kwa kifaa hakukwambii lolote kuhusu milimita mbili zilizo chini yake. Mwanga ukishaingia ndani, rangi ya kompoziti huunyonya na chembe za kioo zilizomo huutawanya huku na huku, hivyo kila unavyozama ndivyo unavyofifia. Sakafu ya tundu hupata mabaki, na ndiko wadudu wanakoanzia kazi yao.

Tupige hesabu. Nguvu ya taa hutajwa kwa mililiwati kwa kila sentimita ya mraba. Izidishe kwa sekunde ulizomulika, utapata nishati iliyopokelewa. Taa ya mililiwati 1,000 kwa sekunde 10 hutoa juli 10 kwa sentimita ya mraba. Kompoziti nyingi za kawaida, kwa tabaka la milimita 2, huhitaji kama juli 16. Ndiyo maana enzi za taa za halojeni za mililiwati 400 watu walifundishwa kumulika sekunde 40: 400 mara 40 ni milijuli 16,000, yaani juli 16 kamili. Kwa hiyo hata ncha ingekuwa inagusa kompoziti, sekunde zako 10 zisingefika.

Sasa ongeza umbali. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi la taa ilipimwa kwenye ncha yenyewe. Kwenye gego, ncha hukaa juu ya vinundu vya kutafunia, na kutoka hapo hadi sakafu ya chumba cha pembeni, ile sehemu ya tundu inayopakana na jino jirani, kuna milimita 6 hadi 8. Taa hutofautiana sana hapa. Zipo ambazo miale yake hubaki imekusanyika, na zipo ambazo kwa umbali huo zimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Tuchukue mfano wa taa iliyobakiwa na mililiwati 400 pale chini. Kwa sekunde 10 umeipa sakafu juli 4, yaani robo ya haki yake.

Jambo la tatu ni kivuli. Ukiinamisha ncha kidogo tu kwa sababu mgonjwa hafungui kinywa vya kutosha, matriksi ya chuma (ule ukanda unaozungushiwa jino wakati wa kujaza) au kinundu cha jino hukata miale, na giza hulala kwenye kona ile ile ya chini karibu na ufizi. Tazama siku moja kupitia kioo cha rangi ya chungwa wakati ncha imeinama: utaona nusu ya chumba inang'aa na nusu nyingine ni nyeusi.

Kwa hiyo fanya hivi. Gundi ya kwenye sakafu imulike sekunde 20, hata kama maelekezo yake yanasema 10, kwa kuwa hizo 10 zimehesabiwa kwa ncha iliyo karibu. Tabaka la kwanza la kompoziti lisizidi milimita 1. Limulike sekunde 40, ukizigawa mara mbili za sekunde 20, na katikati puliza hewa ili jino lipoe. Matabaka ya juu yabaki milimita 2, sekunde 20 kila moja kwa taa ya mililiwati 1,000. Ukishaondoa matriksi, mulika tena sekunde 20 upande wa shavu na sekunde 20 upande wa ulimi. Huko kumulika kwa pembeni ni nyongeza tu. Ukuta wa jino nao hula mwanga, na hautakufidia tabaka la kwanza ulilolipunja.

Gundi na kompoziti mbichi hunywa maji, hulainika polepole na kuachia ukingo. Hapo hupatikana ufa, na kwenye ufa huingia kila kitu. Tena usiisingizie taa peke yake. Damu au mate yakigusa ukingo wa ufizi kabla ya gundi, hakuna sekunde zitakazookoa kazi hiyo. Kama kabari yako, ile inayoubana ukanda wa matriksi kwenye jino, haibani vizuri pale chini, anza kurekebisha hapo.

Shikamoo daktari. Kliniki wanasema "kausha", kitabuni tunasoma "gandisha". Kinachokauka ni nini hasa? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Marahaba. Hakuna kinachokauka. Hakuna maji wala kiyeyusho kinachotoka kwenye kompoziti unapomulika, ingawa neno hilo limeshazoeleka na hatutalifukuza leo. Neno linalokaribia ukweli zaidi ni kuiva.

Kompoziti ni rezini, yaani ute wa kemikali unaoweza kugeuka mgumu, iliyochanganywa na chembe za kioo na silika. Rezini iliyo maarufu zaidi, Bis-GMA, ilitokana na kazi ya Rafael Bowen wa Marekani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1962. Ni nzito mno, ndiyo maana huongezewa rezini nyepesi kama TEGDMA ili iweze kusambazwa. Ndani yake kuna kiasi kidogo cha kichochezi, mara nyingi kamforakwinoni, unga wa manjano unaonyonya mwanga wa bluu, hasa karibu na nanomita 468. Kamforakwinoni ikishapigwa na mwanga huo hushirikiana na amini iliyomo humo na kuzaa radikali huru, chembe zenye pupa ya kuungana na nyingine. Radikali moja hufungua kiungo pacha cha molekuli ya rezini, molekuli hiyo hushika jirani, jirani hushika mwingine, na kwa sekunde chache mtandao umesambaa.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mtandao haufungi wote: kati ya viungo pacha vyote, karibu asilimia 50 hadi 75 ndivyo vinavyofunguka na kuungana. Vingine hubaki vimenaswa humo, na kadiri mwanga ulivyokuwa mdogo ndivyo mabaki yanavyokuwa mengi, na ndivyo rezini inavyochujuka kuingia kwenye mate na kunyonya rangi za vyakula. Pili, kazi haikomi taa inapozimwa. Kuungana huendelea polepole gizani kwa takriban saa 24. Lakini giza hukamilisha kilichoanzishwa na mwanga, halianzishi lolote. Pasipofika mwanga patabaki laini kesho na keshokutwa.

Tuna taa mbili, halojeni ya zamani na LED mpya. Kompoziti moja nyeupe sana, tunayotumia kwa meno yaliyopaushwa, huiva vizuri kwa ile ya zamani na kubaki kama nta kwa hii mpya. Je, LED ni mbovu? (Daktari wa meno)

Taa yako inaweza kuwa nzima kabisa, ila haizungumzi lugha moja na kompoziti hiyo.

Kamforakwinoni tuliyoitaja juu ni ya manjano, na humwachia mtengenezaji kijazo chenye umanjano kidogo. Kwa rangi nyeupe kupindukia hilo halivumiliki, hivyo baadhi ya watengenezaji huipunguza na kuweka kichochezi kingine, kama TPO, kisicho na umanjano huo. Tatizo ni kwamba TPO hunyonya mwanga wa zambarau, chini ya nanomita 420 hivi. LED ya rangi moja hutoa mwanga uliojibana kuzunguka nanomita 460. Unaweza kumulika dakika nzima, TPO isiuone. Halojeni huchujwa ibakie kati ya nanomita 400 na 500 hivi, upana ambao hugusa vichochezi vyote viwili, ndiyo maana ile kongwe ilifaulu.

Tafuta maelezo ya kichochezi kwenye karatasi iliyokuja na kompoziti. Kama unaitumia mara kwa mara, nunua LED ya rangi mbili au zaidi, yenye chipu za bluu na za zambarau pamoja. Nayo ina dosari yake. Chipu za zambarau hukaa upande mmoja wa ncha na za bluu upande mwingine, kwa hiyo mwanga unaotoka hauko sawasawa. Sogeza au zungusha ncha kidogo katikati ya kumulika, ila isitoke juu ya kijazo. Tena mwanga wa zambarau hauzami mbali kama wa bluu, na tabaka nene halitakusamehe hata kwa taa hiyo.

Hadithi hii si ngeni katika fani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompoziti ziligandishwa kwa miale ya urujuanimno, karibu nanomita 365. Iliishia juu juu, na mwishoni mwa muongo huo mwanga wa bluu ukachukua nafasi yake.

Nitajuaje taa yangu bado ina nguvu? Sina maabara. (Tabibu wa meno, kituo cha afya)

Macho hayatakusaidia. Taa ya mililiwati 300 na ya 1,000 zote huonekana bluu kali.

Chombo cha kwanza ni radiomita, kipimo kidogo cha kushika mkononi ambacho taa nyingi huwa nacho kwenye kitako. Namba yake isikudanganye ukadhani ni ukweli kamili. Kama tundu la kipimo ni pana kuliko ncha, au ncha ni pana kuliko tundu, namba hupotoka. Usilinganishe taa ya kampuni hii na ya kampuni ile kwa radiomita hiyo. Thamani yake ni kulinganisha taa na yenyewe. Siku taa ikiwa mpya, chaji imejaa na ncha ni safi, andika namba kwenye daftari. Kisha pima kila wiki, siku ile ile, ncha ikiwa imevishwa mfuko wake na bila mfuko. Ikishuka kwa robo, simamisha kazi utafute sababu.

Kwenye halojeni sababu huwa balbu iliyochoka, kioo cha nyuma kilichofubaa, kichujio kilichopasuka au feni iliyojaa vumbi. Balbu yake hupoteza nguvu muda mrefu kabla ya kuungua, kwa hiyo usingoje iungue. LED hudumu sana, lakini betri ikizeeka zipo taa zinazofifia kimyakimya bila kukupa ishara. Na kwa taa zote mbili, mkosaji wa kwanza ni ncha: kompoziti iliyogandia usoni, fiba zilizokatika baada ya kuanguka, au ukungu mweupe wa chumvi uliobaki baada ya kupikwa kwenye otoklavu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke.

Chombo cha pili unakitengeneza mwenyewe, nacho kwangu mimi ninayejibu swali hili ni cha maana kuliko namba, kwa sababu kinapima taa yako na kompoziti yako kwa pamoja. Ni kipimo cha kukwangua kilichomo kwenye kiwango cha kimataifa ISO 4049. Tafuta kipande cha chuma chenye tundu la kipenyo cha milimita 4 na kina cha milimita 6. Kiweke juu ya karatasi nyeupe iliyofunikwa na ukanda wa plastiki angavu. Jaza kompoziti bila kuacha kiputo, funika juu kwa ukanda mwingine, bonyeza kwa kipande cha kioo ili pasawazike, kisha kiondoe. Weka ncha juu ya ukanda na umulike kwa sekunde unazotumia kila siku. Sukuma kompoziti nje mara moja, geuza, na ukwangue upande wa chini kwa spatula ya plastiki mpaka ufike penye ugumu. Pima urefu uliobaki kwa kalipa (kipimo cha urefu chenye taya mbili), halafu ugawe kwa mbili. Jibu ndilo kina unachoruhusiwa kujaza kwa tabaka moja.

Kwa nini ugawe? Kwa sababu pale spatula inapogoma kukwangua, kompoziti imepata ugumu wa kuizuia plastiki tu, bado haijaiva kiasi cha kustahimili kutafuna. Kiwango hicho kinataka jibu lisipungue milimita 1.5 kwa kompoziti ya kawaida, na milimita 1 kwa zile zisizopitisha mwanga vizuri. Ukipata mche wa milimita 3.6, tabaka lako lisizidi 1.8. Ukipata 2.4 kwa kompoziti ya kawaida, taa hiyo au sekunde hizo hazifai.

Kuna mtego mmoja. Ukikosa chuma ukatumia bomba jeupe la plastiki, mwanga utapenya ubavuni na matokeo yatakuwa mazuri kuliko ukweli. Na kompoziti inayodai kujazwa milimita 4 kwa mara moja haipimiki kwenye tundu la milimita 6. Inahitaji tundu la milimita 10, mara mbili ya kina kinachodaiwa na ziada ya milimita 2.

Mimi ndiye ninayeshika taa. Daktari akishaniambia "mulika" nageuza uso pembeni kulinda macho. Kuna ubaya? (Msaidizi wa kinywa na meno)

Upo, dada. Mwili hufuata macho. Ukigeuza uso, mkono nao huteleza milimita mbili tatu, na kwenye tundu dogo hizo zinatosha kuufanya mwanga uangukie jino la pili. Lakini hofu yako ni ya haki. Mwanga wa bluu, hasa karibu na nanomita 440, huudhuru utando wa nyuma ya jicho, na ule unaorudi kutoka kwenye meno meupe nao haupuuzwi. Dawa yake ni miwani au ngao ya rangi ya chungwa, ili uangalie moja kwa moja kazi unayoifanya. Mgonjwa naye avae.

Shika hivi. Kaa mahali unapoona uso wa kijazo. Egemeza vidole vyako kwenye meno ya jirani ili mkono usitikisike. Uso wa ncha ulale sambamba na uso wa kompoziti, miale ishuke wima. Kwa sekunde ya kwanza weka umbali wa milimita 1 hivi, maana ukigusa kompoziti laini itaganda kwenye ncha. Uso ukishashika ugumu, sogea mpaka karibu na kugusa, na ubaki hapo hadi mlio wa mwisho. Usitoe taa kabla ya mlio kwa kuwa daktari amenyoosha mkono. Mwambie, "Bado, daktari." Anayeshika taa ndiye mwenye neno wakati huo.

Mfuko wa plastiki wa kukinga maambukizi uvute ukaze usoni mwa ncha, na ule mshono wake usikae mbele ya mwanga. Mfuko angavu uliovishwa vizuri hula mwanga kidogo. Uliokunjamana, au kidole cha glavu ya mpira kinachovishwa kwa kubahatisha, huula kwa wingi. Kila baada ya mgonjwa, kagua ncha kwenye mwanga wa dirisha: ukiona doa limegandia, likwangue kwa plastiki au mti, kamwe si kwa chuma, kisha pangusa kwa dawa ambayo mtengenezaji ameiruhusu. Dawa nyingine za kuua vijidudu hutia kioo ukungu usiotoka.

Taa yangu ina mtindo wa kuanza polepole na mtindo wa nguvu kamili. Nasikia wa polepole hupunguza kubana kwa kompoziti. Niutumie kila mara? (Daktari wa meno)

Swali hili lina watu wenye msimamo mkali pande zote mbili, nasi tutakupa wetu.

Ukweli wa msingi ni kwamba kompoziti ikiiva husinyaa. Molekuli zilizokuwa mbalimbali zinashikana mikono na kusogeana, na ujazo wa kompoziti ya kawaida hupungua kama asilimia 2 hadi 3. Kusinyaa kwenyewe kusingekuwa na neno kama kompoziti ingekuwa huru. Lakini imegundishwa kwenye kuta. Kwenye tundu la juu ya gego, kuta nne na sakafu zimeishika, na uso mmoja tu uko huru: uwiano wa 5 kwa 1, na hapo mvutano ni mkubwa. Kwenye jino la mbele lililovunjika kona, kompoziti imeshikwa upande mmoja na iko huru pengine pote, kwa hiyo inajiachia. Mvutano ukishinda gundi, ufa hufunguka. Gundi ikishinda, kuta za jino hupinda, na enameli iliyobaki nyembamba inaweza kupata nyufa. Ule mstari mweupe unaouona ukingoni baada ya kusugua mara nyingi ni alama ya haya.

Mantiki ya kuanza polepole ni kuchelewesha kugeuka kigumu. Unaanza kwa mwanga dhaifu, tuseme mililiwati 150 kwa sekunde 10, ili kompoziti ibaki laini kama ute kwa muda na kutiririka kidogo ndani kwa ndani ikifidia msinyao, kisha unamalizia kwa nguvu kamili. Upo pia mtindo wa kumulika sekunde 3 kwa mililiwati 200, kungoja dakika 3 ukiwa unachonga na kusawazisha, ndipo unamulika kwa nguvu. Maabara huonyesha mvutano mdogo kwa mitindo hii. Kinywani, vijazo vilivyofuatiliwa kwa miaka havijaonyesha tofauti ya kutegemewa.

Tena ina gharama mbili. Mwanga dhaifu huanzisha minyororo michache na mirefu, yenye viunganisho vichache kati yake, na rezini ya namna hiyo hulainika zaidi ikikutana na alkoholi. Ya pili ndiyo tunayoiona zaidi: daktari huchagua mtindo wa polepole, taa hujizima baada ya sekunde 10 au 15, na nusu ya muda huo ilikuwa ya nguvu ndogo. Kwa hiyo mvutano ulipungua kwa sababu kompoziti haikuiva. Hiyo si faida.

Ukipenda kuutumia, utumie kwa tabaka la mwisho la ukingo wa juu, na uhakikishe jumla ya nishati haipungui juli 16. Nguvu zako nyingi zielekeze kwenye kupanga matabaka. Jaza kwa mshazari, kila tabaka liguse ukuta mmoja na sakafu, lisiunganishe kuta mbili zinazotazamana kabla ya kuiva. Hilo kila tabibu anaweza kulifanya hata kwa taa isiyo na mtindo wowote.

Kuna taa zinazodai sekunde 3 zinatosha. Ni kweli? (Tabibu wa meno)

Kwa kompoziti zilizotengenezwa makusudi kwa taa hizo, ndiyo. Kwa kompoziti yoyote tu, hapana. Mililiwati 3,000 kwa sekunde 3 ni juli 9, na si rahisi kuamini kwamba juli hizo hufanya kazi sawa na juli 9 zilizotolewa taratibu. Radikali zikizaliwa nyingi kwa mkupuo huzimana zenyewe kwa zenyewe kabla ya kujenga mtandao. Halafu kwa sekunde 3, ukiteleza sekunde moja umepoteza theluthi ya kazi. Na joto lake kwenye ufizi na midomo si la mchezo.

Mwanangu wa miaka 11 alizibwa jino, akasema aliona joto kali taa ilipowashwa. Je, ule mwanga unadhuru? Na anaweza kula lini? (Mzazi)

Pole, mama, na mpe pole mwanao. Mwanga wa bluu si eksirei na hauna miale ya aina hiyo. Joto hata hivyo ni la kweli. Taa hulitoa, na kompoziti nayo hutoa joto lake inapoiva. Kwa kawaida ni kidogo na hupita papo hapo. Tundu likiwa refu, tabaka linaloukinga moyo wa jino, ile sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, huwa jembamba, na joto hufika upesi. Jaribio la Zach na Cohen la mwaka 1965 kwa nyani lilionyesha kwamba moyo wa jino ukipanda nyuzi 5.5 za selsiasi, asilimia 15 ya mioyo hiyo haikupona. Ndiyo maana daktari makini humulika kwa vipindi vifupi na kupuliza hewa katikati. Siku nyingine mwanao ainue mkono mara tu aonapo moto, nao wasimame.

Kula, aweza mara ganzi ikiisha, asije akajing'ata shavu. Kompoziti huwa imeshapata sehemu kubwa ya ugumu wake. Akihisi kichomi kwa baridi siku chache, ni jambo la kawaida. Kichomi cha kuuma anapotafuna ambacho hakipungui ndani ya wiki moja kinataka arudishwe: huenda kijazo kimezidi kimo kikasuguliwa tu, au chini yake kuna pengo. Maumivu yanayojianzia usiku bila kuguswa yasingoje wiki.

Kompoziti yangu hushika utando mgumu kabla sijamaliza kuipanga, na nikishamulika uso hubaki unanata. Hii ni mbovu? (Tabibu wa meno)

Ni mambo mawili tofauti. Utando unatokana na taa kubwa ya kiti cha mgonjwa, ambayo nayo ina bluu ya kutosha kuamsha kamforakwinoni. Ukiendelea kuupinda utando huo, mikunjo hubaki ndani ya kijazo kama nyufa. Geuza taa hiyo pembeni au uvishe kichujio cha chungwa, na kompoziti iliyo kwenye sahani ifunikwe, usiikamue yote mara moja.

Kunata kunatokana na oksijeni ya hewani, inayozikamata radikali za usoni kabla hazijaungana. Kati ya tabaka na tabaka liache lilivyo, usilifute kwa spiriti, maana tabaka linalofuata hujiunga nalo. Kwenye tabaka la mwisho paka jeli ya gliserini ifunike uso wote mpaka ukingoni, mulika sekunde 20 kupitia jeli hiyo, suuza kwa maji, ndipo usugue.